Saa Saba Kamili, Migombani

Kwa kumbukumbu sahihi, na ili asije mtu baadaye akadai kwamba nilijificha nyuma ya mgongo wa mwingine, naandika hapa mwanzoni kabisa: aliyehusika na aibu iliyotupata siku ya posa ya binti yetu Elineema ni mimi mwenyewe, baba yake mzazi, mstaafu, mzee wa kanisa na mkazi wa Kikwe. Si fundi. Si mwenye duka. Si mwizi wa ndizi, ingawa yeye angekuwa na adabu ya kuiba kwa jirani haya yote yasingetokea. (Nilijaribu kumtwisha fundi mzigo huu, tena kwa bidii, na nitaeleza nilivyoshindwa.)

Ili msomaji aelewe ukubwa wa aibu hiyo, hana budi kujua kwanza kazi niliyoifanya. Kwa miaka kumi na tisa ya mwisho ya utumishi wangu nilisimamia masjala ya siri. Kwa asiyejua, hicho ni chumba chenye mlango wa chuma ambamo hutunzwa majalada ambayo hata mkuu wa ofisi huyaomba kwa maandishi. Wakubwa walikuja na wakaondoka, wengine kwa heshima na wengine kwa haraka, nami nilijua sababu za kila mmoja, na sikumwambia hata mke wangu, ambaye aliuliza sana. Hata neno moja halikuwahi kutoka katika chumba kile. Basi mtu huyo huyo, aliyeaminiwa na serikali, ndiye aliyekuja kutangaza siri za nyumba yake kwa sauti na kwa picha ya rangi mbele ya watu waliokuja kuchumbia.

Chanzo ni mikungu ya ndizi. Nyuma ya jiko letu kuna migomba inayoteremka hadi kwenye mfereji, na kwa muda wa wiki tatu mtu asiyejulikana alikuwa akikata mkungu uliokomaa, mmoja baada ya mwingine, kwa uchaguzi mzuri ambao ulinionyesha kwamba si mgeni wa kilimo. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na maelezo ya kurasa mbili. Aliyasoma ukurasa mmoja, akanirudishia, akasema, "Mzee wangu, ndizi haina jina. Ukiikuta sokoni utasemaje kwamba ni yako?"

Hapo ndipo nilipoamua kufunga kamera.

Sikukurupuka, na hilo nataka liingie kwenye kumbukumbu. Nilikwenda Arusha mjini mara tatu, nikaingia maduka matatu, na kila duka nililiomba ankara kifani, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, maana mtumishi wa umma hanunui kitu kwa kuambiwa na duka moja. Nilitengeneza jedwali lenye safu za ubora wa picha, uwezo wa kuona gizani, uvumilivu wa mvua na idadi ya siku ambazo mashine inatunza kumbukumbu. Katika duka la pili mama muuzaji aliniuliza, "Shikamoo mzee, unataka za waya au za waifai?" Nikamjibu, "Nataka za ushahidi." Alinitazama kidogo, kisha akaniletea kiti.

Mdogo wangu Simeoni, ambaye anakaa kiwanja cha pili kutoka kwangu na ambaye kila jambo zito huligeuza kuwa kicheko, aliposikia akaniambia, "Kaka, si ununue mbwa?"

"Mbwa hatunzi kumbukumbu," nikamjibu.

"Lakini hatangazi mambo ya ndani," akasema. Wakati ule niliona ni utani usio na maana.

Fundi alikuwa mtu mzima aitwaye Godi, mpole, mwenye upara na mkanda wa vifaa kiunoni, na kwa siku mbili alipanda ngazi na kushuka bila kulalamika. Kamera ya kwanza tuliiweka getini, ya pili barazani, ya tatu kwenye stoo ya kahawa, na ya nne kwenye nguzo ya jiko ikitazama migombani. Hiyo ya nne ndiyo niliyoichagua kwa makini zaidi, kwa sababu ilikuwa na kinasa sauti. Niliwaza kwamba picha ya mtu aliyevaa kofia inaweza kubishaniwa, lakini mtu akizungumza, hasa akizungumza Kimeru, hapa kwetu utajua ni mtoto wa nani na amekulia kitongoji gani.

Kisha likaja suala la mahali pa kutazamia. Godi alinishauri, na ninakiri kwamba alinishauri vizuri. "Mzee, ushauri wangu, weka skrini ndogo chumbani kwako. Mambo ya ulinzi si ya sebuleni, sebuleni kuna wageni."

"Unganisha na runinga kubwa," nikamwambia. "Mlinzi asiyeonekana hamtishi mtu."

Ukweli ni kwamba nilitaka wageni waone. Mstaafu hana tena mlango wa chuma wala muhuri, na watu waliokuwa wakisimama akiingia sasa wanamsalimia huku wakitazama simu. Nilitaka mtu akiketi kwenye kochi langu aone miraba minne ya picha na ajue kwamba humu bado kuna mamlaka.

Mashine ya kurekodia tuliiweka ndani ya kabati la runinga pamoja na soketi ya umeme inayoilisha na kuilisha runinga yenyewe, nikafunga kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. (Mke wangu aliuliza, "Na umeme ukileta shida nikiwa peke yangu?" Nikamjibu kwamba vifaa vya usalama haviguswi na kila mtu. Naomba jibu hilo likumbukwe, kwa kuwa yeye hajalisahau.)

Jambo la mwisho lilikuwa kile ambacho Godi alikiita mtego. Mtego ukiwa umezimwa, runinga inaonyesha picha nne ndogo, kimya. Mtego ukiwa umewashwa, mtu yeyote akipita migombani, mashine inalia tii-tii, picha ya migombani inajaa kioo kizima, na sauti ya huko inafunguliwa.

"Mtego uanze saa ngapi, mzee?"

"Saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi."

Godi akanyoosha mkono aandike. Nikamzuia. Mambo ya muda, nikamwambia, nitayaandika mwenyewe. Kwenye kioo palikuwa na nafasi ya saa, na pembeni yake pa kuchagua AM au PM. Nikaandika 1:00, na kwa kuwa jioni ni PM nikachagua PM. Nikaandika 12:00, na kwa kuwa asubuhi ni AM nikachagua AM.

"Mzee," Godi akaanza taratibu, "hiyo mashine inasoma saa za..."

"Fundi," nikamkatisha, "nimeandika mihtasari ya vikao kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

Akanyamaza, kama anavyonyamaza mtu aliyelelewa vizuri mbele ya mzee aliyekosea. Adabu ile ndiyo iliyoniponza. Angekuwa mkorofi kidogo ningeokoka.

Jioni ile ile mke wangu alikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni, runinga ikalia, picha ikajaa, na sauti yake ikasikika sebuleni safi kabisa akijisemea, "Huyu baba na macho yake ya chuma." Niliridhika. Mfumo unafanya kazi. Na kwa kuwa runinga yetu huwashwa wakati wa taarifa ya habari tu, hapakuwa na mtu wa kugundua mtego ule ulikuwa unafanya nini mchana.

Sasa nije kwenye posa.

Elineema, ambaye nyumbani tunamwita Neema, ana miaka thelathini na sita na anasimamia mabanda ya waridi katika shamba moja la maua huko Usa River. Ni mtu mwenye msimamo, anayejitegemea, na sikuwahi kumsikia akilalamikia maisha yake hata siku moja. Mlalamikaji nilikuwa mimi. Kila Jumapili baada ya ibada mtu fulani aliniuliza, "Na Neema vipi?" nami nilijibu, "Yupo kazini," kana kwamba niliulizwa habari za ajira. Kwa hiyo aliponiambia kwamba kuna mwanaume aitwaye Loti, mwalimu wa ufundi, kutoka familia ya Waarusha wanaokaa Engutoto, na kwamba wazee wake wanaomba kuja, nilijibu kwa utulivu kwamba waandike barua. Kisha nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Walifika Jumamosi saa nne asubuhi, watu saba. Msemaji wao alikuwa Mzee Lomayani, mtu mrefu anayesema polepole sana, na pamoja naye alikuja shangazi wa Loti, Mama Naserian, mama mnene, mcheshi, aliyevaa gauni la kitenge lenye mikono mipana ajabu. Loti mwenyewe aliketi pembeni akitazama viatu vyake, kama inavyopasa. Upande wetu nilikuwapo mimi, Simeoni, na shemeji yangu Zakaria, kaka wa mke wangu. Neema alikuwa chumbani na wanawake wenzake, akisubiri kuitwa, kwa sababu anayeposwa haketi kwenye kikao kinachomzungumzia.

Mtori wa ndizi ulipokwisha kunywewa, nikawasha runinga. Hakuna aliyeniomba.

"Ee! Kumbe tulikuwa tunatazamwa tangu tuliposhuka kwenye gari!" akasema Mama Naserian.

"Kila hatua," nikajibu, na Mungu anisamehe kwa namna nilivyojinyoosha kwenye kiti.

Mazungumzo yalikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye ng'ombe. Wao walipendekeza, kwa lugha ya heshima, kwamba ng'ombe waje kwa bahasha, yaani kwa fedha taslimu, kama wafanyavyo watu wengi siku hizi. Mimi nikasimama. Nikasema kwamba bahasha haina mkia. Nikasema kwamba ng'ombe aliopokea baba yangu kwa dada zangu walikuja kwa miguu yao kutoka upande wa pili wa mlima, na kwamba binti yangu hataolewa kwa karatasi. Nilizungumza vizuri sana, Zakaria alitikisa kichwa na mmoja wa wageni akasema "Mmh." Mzee Lomayani akaomba tufikirie. Nasi, kama desturi ilivyo, tukaomba ruhusa ya kutoka nje kidogo tukatete.

Familia yetu ina mahali pake pa kuteta, tangu enzi za baba: migombani, nyuma ya jiko, kwenye mawe matatu. Posa za dada zangu wote zilijadiliwa pale. Kwamba sasa palikuwa na kamera juu yetu nilijua, lakini nilijua pia kwamba mtego ni wa usiku. Nilitazama saa yangu: ilikuwa saa saba kasoro dakika saba mchana.

Kuanzia hapa situmii tena kumbukumbu yangu. Ninatumia rekodi, ambayo nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya mtu wa umri wangu, pamoja na ushahidi wa mke wangu aliyekuwa sebuleni akigawa chai.

Katika dakika saba za kwanza tulisema maneno ya busara. Tulisifu unyenyekevu wa Loti. Tulikumbushana zawadi za desturi, mablanketi ya bibi na heshima ya wajomba. Nilisema, na rekodi ya picha inaonyesha midomo yangu ikisema, kwamba jambo kubwa ni Neema awe na furaha. Sebuleni wageni walituona kwenye mraba mdogo, kimya, kama wadudu kwenye chupa, na hakuna aliyetujali.

Ilipotimu saa saba kamili runinga ikalia tii-tii, migomba ikajaa kioo kizima, na sauti ya Simeoni ikaingia sebuleni ikiwa imeanzia katikati:

"...miguu, kaka, utawalaza wapi? Zizi lako limejaa makabati ya mafaili!"

Nami nikajibu, huku nikicheka (kicheko changu kwenye rekodi ni kibaya, sikuwahi kujua kwamba kiko hivyo), "Kwani wao wanajua? Ng'ombe siwataki hata wakija na mchungaji wao. Nataka wahangaike kidogo. Mtu akipewa kitu bila jasho anaona amekiokota."

"Wakigoma je, shemeji?" akauliza Zakaria.

"Wakigoma tunashuka. Tunashuka pole pole, kwa uso wa ukali. Ikibidi tutashuka mpaka kuku."

Simeoni akaniuliza nina maoni gani kuhusu msemaji wao. Nikasema anazungumza kama redio iliyoishiwa betri. Akaniuliza kuhusu shangazi. Nikasema gauni lake lingetosha kuezekea mkutano wa injili na bado watu wa nyuma wasinyeshewe.

Mke wangu anasema sebuleni hapakuwa na mtu aliyetafuna. Mama Naserian aliweka kikombe chini, akamwambia kwa upole, "Mama Neema, hebu ongeza sauti hapo, nimesikia kama nimetajwa."

Mke wangu alikwenda kuzima. Rimoti zilikuwa tatu. Aliyoishika ya kwanza ilizima king'amuzi, ambacho hata hakikuwa kinaonyesha kitu, na ya pili iliongeza sauti kweli. Akalikimbilia kabati achomoe waya kwenye soketi. Lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa migombani, ndani ya suruali yangu, ukiwa salama kabisa.

Na wakati yeye akihangaika na kufuli, mimi nilisema maneno ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Zakaria aliniambia, "Lakini shemeji, tusiwabane sana." Nikamjibu hivi, nanukuu neno kwa neno:

"Nani awabane? Huyu binti ni jalada lililokaa masjala miaka mingi bila mtu wa kulisaini. Leo amejitokeza mwenye kalamu, mimi niulize rangi ya wino?"

Tukacheka, watatu. Rekodi inaonyesha kwamba mimi ndiye niliyecheka kwa muda mrefu zaidi.

Mke wangu alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, na wageni wakamwona akiingia kwenye picha akiwa na kanga begani na rimoti mkononi.

"Baba Neema! Nyamazeni! Njooni ndani!"

"Mama, bado tunateta," nikamwambia. "Haya si mambo ya kina mama."

"Mnasikika!"

"Na nani?"

"Na wote! Mpo kwenye runinga!"

Nikainua uso nikaitazama kamera. Nilisogea karibu, kwa sababu macho yangu hayako vizuri, na nikaikodolea ili nione kama ile taa yake nyekundu inawaka. Nimeambiwa kwamba pale sebuleni uso wangu ulijaa kioo chote, pua kwanza.

Safari kutoka migombani hadi sebuleni ni hatua ishirini na sita. Niliingia nikiwa nimeandaa hotuba kuhusu hitilafu za mitambo. Sikuisema, kwa sababu kwenye kiti changu, kile chenye mikono, alikuwa ameketi Neema. Hakuitwa. Alitoka chumbani mwenyewe, na gauni lake la siku hiyo, na alikuwa hajalia, jambo ambalo lilinitisha kuliko kama angelia.

"Shikamoo, Baba," akasema. Tulikuwa tumesalimiana asubuhi.

"Marahaba," nikajibu.

"Kikao kiendelee. Jalada limekuja lenyewe."

Mzee Lomayani akasimama. Akasema, polepole zaidi ya mwanzo, na sasa nilijua kwamba anafanya makusudi, "Mzee mwenzangu. Na sisi. Tunaomba. Tukanong'one kidogo. Ila sisi. Tutakwenda barabarani."

Wakatoka wote saba, wakapita barazani, wakapita getini (kamera zangu ziliwaonyesha vizuri, picha ni safi, sina malalamiko kwa duka), wakasimama kando ya barabara ya kitongoji mchana kweupe. Watu wa Kikwe wana macho. Waliokuwa wakitoka shambani walisimama, jirani wa ng'ambo akatoka na mwiko mkononi, na kabla ya robo saa habari ilikuwa imeshafika hadi kisimani kwamba watu wa posa wamefukuzwa. Mmoja wa wazee wenzangu wa kanisa aliingia hadi barazani kunipa pole. Nilimpokea nimesimama, huku Simeoni akitazama dari.

Waliporudi, Mama Naserian alikuwa wa kwanza kuingia, na mkononi alikuwa na kuku mwekundu aliyefungwa miguu, amemnunua kwa yule jirani wa mwiko. Akaja hadi mbele yangu, akapiga goti kidogo kwa heshima zote, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Baba mkwe," akasema, "tumeona tusikuchoshe kushuka pole pole. Tumekutana na wewe huko huko chini. Na ni wa miguu, si wa bahasha."

Nilimpokea. Sijui kwa nini nilimpokea. Mtu akikukabidhi kitu kwa mikono miwili, mikono yako inakwenda yenyewe. Nilisimama katikati ya sebule yangu nimeshika kuku, na wageni wakacheka, na mke wangu akacheka, na hata Loti, aliyekuwa akitazama viatu tangu saa nne, aliinua uso na kucheka, na kwa muda mfupi nilidhani kwamba kicheko kile kimetuokoa.

Neema peke yake hakucheka.

"Shangazi, asante," akasema. "Kuku ni wa Baba, mmempa, mambo hayo mtamalizana wenyewe. Loti, jibu langu kwako ni lile lile nililokupa kule Usa. Lakini leo sitajadiliwa tena katika nyumba hii. Mkirudi wiki mbili zijazo, kwenye kiti hiki atakaa Mama."

"Neema," nikasema, "desturi..."

"Desturi ni kuteta kwa siri, Baba."

Mzee Lomayani akachukua kofia yake. "Binti amesema," akatamka. "Nasi tutarudi. Tukishaweka betri."

Jumatatu nilimwita fundi Godi na kumsomea barua ya malalamiko yenye vipengele sita. Aliisikiliza yote amesimama. Kisha akaniomba nifungue kabati, akafungua ukurasa wa mtego, akaonyesha kwa kidole bila kuugusa mwandiko wangu, kana kwamba ni wa mtu aliyekufa.

"Mzee, hapa umeandika saa saba mchana mpaka saa sita usiku. Mashine haijui kuhesabu tangu jua linapochomoza kama sisi. Moja yake na PM ni saa saba yetu. Kumi na mbili yake na AM ni usiku wa manane."

"Kwa hiyo kuanzia usiku wa manane..."

"Mwizi alikuwa huru, mzee."

Nilikwenda migombani kuhesabu. Ulikuwa umeondoka mkungu mwingine, mkubwa, ule niliouweka kwa ajili ya harusi. Nikarudi ndani, nikaichana barua ya vipengele sita. Godi alikataa chai, akasema anawahi kazi nyingine, na alipofika getini nilimwona kwenye kioo akisimama, akainama, akashika magoti, na mabega yake yakatikisika kwa muda. Kamera ya getini haina sauti.

Tangu siku ile nimeweka nadhiri. Sitajadili tena mtu aliye ndani ya nyumba nikiwa nje yake, pawe na kamera au pasiwe na kamera, kwa sababu nimegundua, nikiisikiliza rekodi ile, kwamba mashine haikuongeza neno lolote. Ilinukuu tu. Ningekuwa na karani wa namna hiyo kazini ningempandisha cheo. Kinachoniuma si kwamba wageni walisikia habari za kuku na betri. Hayo watu wa Engutoto wanayasimulia sasa kwa furaha na nimesikia kwamba Mama Naserian ananiigiza vizuri. Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka yote ile niliyokuwa nikijibu "yupo kazini," binti yangu alikuwa kazini kweli, anaishi, ameridhika, na aliyekuwa amekaa akisubiri ni mimi.

Alhamisi mke wangu aliniletea bahasha ya kaki ya Neema kutoka Usa River, akanitaka nisaini kwenye daftari kwamba nimeipokea. Ilikuwa imechapwa, ina kumbukumbu namba, ina "Yah: Kutakiwa Kujieleza", na nakala amepewa mama yake kwa taarifa. Nimeikagua kwa jicho la kazi na sikuona kosa. Leo ni siku ya tano na ukurasa wangu wa majibu bado una salamu tu, kwa hiyo nainukuu hapa kama ilivyo, ili kila aliyesikia yale ya runinga asikie na hili:

"Rejea maneno yako ya Jumamosi, saa saba na dakika nne mchana, migombani. Unatuhumiwa kwamba ulimwita binti yako wa kumzaa jalada lisilo na wa kulisaini, na kwamba ulicheka. Unatakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku saba tangu tarehe ya kupokea barua hii, kwa nini usiondolewe moja kwa moja katika vikao vyote vinavyomhusu. Maelezo yako yasimtaje fundi. Aidha, ueleze ni nani aliyekutaarifu kwamba nilikuwa nasubiri."